Neno Ambalo Baba Hakuliuliza

Baba yangu alijalidi vitabu kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta, meza ndefu ya mbao iliyojaa mikwaruzo ya visu, shinikizo la chuma lenye usukani kama wa lori, na jiko dogo la umeme la kuyeyushia gundi. Harufu ya gundi ile ilimfuata mpaka nyumbani. Ukikaa naye kiti kimoja uliisikia kabla hujasikia salamu yake, maana salamu zake hazikuwa na haraka. Wenzake kazini walimwita Jalada. Walisema unamwona kwa nje, safi, amenyooka, lakini hakuna aliyewahi kumfungua.

Nyumbani alikuwa vilevile. Hakugomba, hakulewa, hakuchelewa kurudi. Alikuwa na tabia moja tu iliyotuchosha mimi na mama: neno la Kiingereza halikumpita bila kulichungulia lilikotoka. Ukimletea chupa ya dawa, kabla hajakuambia unywe vijiko vingapi, atakuambia kwanza kwamba jina la dawa hiyo ni la Kigiriki na maana yake ni usingizi. Mama akisema, "Baba Binti, mtoto ana homa," naye anajibu, "Najua, nasoma," na kweli alikuwa anasoma, ila alikuwa anasoma mizizi ya maneno.

Nilipokuwa darasa la sita nilimwuliza kwa nini hakuwa mwalimu. Akaniambia kwamba yeye aliishia sekondari, na kwamba hayo maneno ameyaokota kwenye vitabu vya watu alivyovishona. Nikaridhika. Mama naye alikuwa ameridhika na jibu hilohilo tangu siku walipojuana, yeye akiwa mkunjaji wa karatasi katika kiwanda kilekile. Kwetu sisi hilo ndilo lilikuwa jambo la wazi kuliko yote kumhusu: alikuwa na akili nyingi, na hakupata bahati ya kuendelea.

Jumanne moja, saa sita mchana, mama alinipigia simu zahanati ninakofanya kazi.

"Mwanangu, baba yako amerudi."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Sijui. Amekaa kitandani na viatu vyake."

Niliomba ruhusa nikaondoka. Baba yangu hakuwahi kuingia sebuleni na viatu, sembuse chumbani. Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, mgongo wima, mikono juu ya magoti, na gundi imemkaukia vidoleni. Kwenye paja lake kulikuwa na kipande cha karatasi alichonakilia maneno kwa penseli. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, kama mtu aliyeitwa kushuhudia kitu na hajaambiwa ni nini.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda cha mama cha kujipambia. Nilimshika mkono nikamhesabia mapigo ya moyo, akaniacha nihesabu mpaka mwisho. Yalikuwa sawa.

"Siumwi," alisema. "Kuna neno nililisoma leo."

Wiki ile maktaba ya mahakama ilikuwa imeleta kamusi kubwa ya Kiingereza, juzuu mbili, migongo imeng'oka. Kabla ya kushona upya kitabu cha namna hiyo, mjalidi hukifumua chote, fungu kwa fungu, anakwangua gundi ya zamani, kisha anahakikisha kurasa zinafuatana kwa kutazama neno lililochapwa juu ya kila ukurasa. Hasomi. Hana muda wa kusoma. Lakini katika herufi R ukurasa mmoja ulikuwa umechanika katikati, na baba akauinamia auunge kwa karatasi nyembamba. Ufa ulipita juu ya neno moja. Ilimbidi alisome ili mistari ikutane vizuri.

Alinipa ile karatasi ya penseli. Neno lilikuwa *rusticate*. Mwandiko wa baba ulikuwa wa kulala kidogo, mzuri, na chini ya neno alikuwa ameandika kwa Kiswahili maana zake kama zilivyopangwa kwenye kamusi. Ya kwanza, kwenda kuishi shamba. Ya pili, kumsimamisha mwanafunzi wa chuo kikuu kwa muda, iwe adhabu. Ya tatu ilikuwa ya waashi, kuchonga mawe ya ukuta na kuyaacha na uso usio laini. Halafu asili yake: Kilatini, *rus*, mashambani, nje ya mji. Maneno mawili katika maana ya pili alikuwa ameyapigia mstari. *Kwa muda.*

"Sijaelewa, baba," nilisema.

"Mimi ndiye sikuelewa."

Kisha akatusimulia. Alisimulia akitazama ukutani, kwa sauti yake ileile ya kila siku, na mama hakuondoka pale mlangoni.

Kumbe alikuwa amekwenda chuo kikuu. Alikuwa kijana wa kwanza wa kijiji chao kufika huko, na shule ya msingi ilifunga nusu siku watoto wakamsindikize. Alisoma lugha. Alikuwa hodari wa Kiingereza kuliko wote waliolala bweni lao, na alijua hivyo, na wenzake walijua, na wakitaka kuandika jambo lolote la maana walimwendea yeye. Mwaka wake wa pili mlezi wa bweni alizoea kufungua barua za wanafunzi na kuzisoma. Walimlalamikia mara mbili, hakuna lililofanyika. Ndipo vijana watano wakakubaliana waandike waraka na kuubandika kwenye ubao wa matangazo. Baba aliuandika. Anasema ulikuwa mkali, na Kiingereza chake kilikuwa safi mno, hata mkuu wa chuo aliuliza nani aliyewaandikia.

Waliitwa mbele ya Baraza la chuo, wakahojiwa mmoja mmoja. Kesho yake asubuhi kila mmoja alipewa barua ya mistari mitatu. Baraza limeamua ku-*rusticate* mwanafunzi aliyetajwa hapo juu kuanzia leo. Aondoke bwenini kabla ya saa sita mchana. Ataandikiwa kwa anwani ya nyumbani.

"Nilikuwa sijawahi kuliona hilo neno," baba alisema. "Ila nilijua *rustic*. Tulilisoma sekondari, kwenye shairi. Mtu wa shamba. Na mwalimu alitueleza na mzizi wake. Nikalifungua lile neno kwa ufunguo niliokuwa nao. Nikaenda kwenye kamusi yangu ya mfukoni kuhakikisha, nayo ikasema kwenda kuishi shamba, basi. Nikasema, haya, wamenirudisha shamba. Wamenifukuza."

"Hukumwuliza mtu?" nilisema.

Alikwangua gundi iliyomkaukia kidoleni.

"Ningemwuliza nani? Wao ndio waliokuwa wananiuliza mimi."

Lori la chuo liliwapeleka wote watano kituo cha mabasi. Baba alikaa nyuma juu ya mabegi, uso ameufunika kwa kofia. Mwenzao mmoja, kijana mrefu waliyemwita Twiga, alikaa mbele na dereva kwa sababu ya miguu yake. Kituoni Twiga alimshika mkono akamwambia, "Tutaonana, ndugu yangu." Baba aliona ni maneno ya kumfariji tu.

Kijijini alimwambia babu kwamba amefukuzwa. Babu hakusema kitu siku tatu. Siku ya nne alimwonyesha upande wa shamba uliokuwa haujalimwa. Watu walipokuwa wakimwuliza njiani, "Likizo bado haijaisha?" aliwajibu, "Bado." Alijibu hivyo miezi mitano. Kisha akaona uso umemshuka kiasi cha kutosha, akafunga begi, akaenda mji wa mbali ambako hakuna aliyemjua, na hakumwachia mtu anwani. Alianza kazi kiwandani kwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine. Mjalidi mzee aliyekuwepo wakati huo akamwona ana mkono mtulivu, akamfundisha kushona. Babu alipata barua ya kwanza kutoka kwake baada ya miaka miwili.

"Kwa hiyo adhabu ilikuwa ya muda gani?" niliuliza.

"Sijui. Kwa muda. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo mama alisema neno lake la kwanza.

"Miaka ishirini na minane," alisema, "umelala na mimi kitanda kimoja, na hukuniambia kwamba ulisoma chuo kikuu."

"Nilikuwa naona haya."

"Uliona haya kwangu? Mimi mkunja karatasi?"

Mama aliingia, akainama, akamvua viatu, kimoja kimoja, akavipeleka nje. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Siku zilizofuata baba alikwenda kazini kama kawaida, ila chakula hakikupita. Alikuwa anakaa sebuleni akihesabu kwa sauti ya chini: angemaliza mwaka fulani, angeanza kufundisha mwaka fulani, pengine angepelekwa kusoma zaidi. Alikuwa hasemi na sisi. Alikuwa anajisomea maisha ya mtu mwingine. Jumapili, mama akiwa anakata mboga jikoni, baba alisema peke yake, "Nisingekuwa hapa leo."

Mama aliweka kisu chini.

"Ungekuwa wapi?"

"Nasema tu."

"Hapana, sema. Ungekuwa wapi, na nani? Maana mimi nilikuwa hapahapa. Ukirudi chuoni, hukuji kiwandani. Usipokuja kiwandani, hunijui. Huyu binti yako hayupo. Kwa hiyo sisi wawili ndio adhabu yako uliyopewa."

"Sikusema hivyo, Mama Binti."

"Hujasema. Umeimba wiki nzima."

Hakupaza sauti. Alimaliza kukata mboga, akapika, akatupakulia, kisha akapanga nguo zake kwenye mfuko akaenda kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Mama mkubwa alinipigia simu jioni ile. Aliniambia mama amefika salama na kwamba nisimwulize chochote kwa sasa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na baba, tena hasira isiyo na adabu. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba dunia ilimnyima. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba dunia ilimpa, kwamba kilichobaki kilikuwa ni kumgeukia mtu aliyekaa karibu na kusema, samahani, neno hili maana yake nini. Lakini nilipomtazama pale mezani, akijimenyea chungwa ambalo hatalila, hasira ilinyong'onyea. Nikamwambia nimepata siku mbili za mapumziko, twende chuoni tukaulize.

Tulisafiri kwa muda wa saa saba. Masjala ya chuo ilikuwa jengo la ghorofa moja lenye makabati ya chuma mpaka kwenye ujia. Karani alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye subira. Aliandika jina la baba na mwaka, akapotea kwenye vyumba vya ndani karibu saa nzima, akarudi na faili jembamba lenye vumbi. Alilifungua mbele yetu.

Juu kabisa kulikuwa na nakala ya ile barua ya mistari mitatu. Chini yake ilikuwapo nakala ya barua nyingine, ya miezi kumi baadaye. Ilimtaarifu mwanafunzi kwamba muda wake wa kusimamishwa, yaani mwaka mmoja wa masomo, unakaribia kwisha, na kwamba anatakiwa kuripoti bwenini kwa tarehe iliyotajwa. Barua yenyewe ilikuwa bado imo ndani ya bahasha yake. Ilikuwa imetumwa kwa sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini. Yule mwalimu mkuu aliyewatoa watoto wamsindikize alikuwa amehamishwa, na aliyemfuata hakulitambua jina. Bahasha ilikuwa imepigwa muhuri: HAJULIKANI. RUDISHA.

Baba aliishika ile bahasha kwa ncha za vidole, kama anavyoshika karatasi iliyooza. Hakuifungua. Aliigeuza, akatazama gundi yake.

"Imeshika vizuri," alisema.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kufungia faili. Kulikuwa na sehemu ya kujaza sababu, na mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: *Declined to return.* Alikataa kurudi.

"Hapa si kweli," baba alimwambia karani. "Bahasha hii hapa. Ilirudi. Mtu ambaye hakupata barua anakataaje?"

"Ni kweli, mzee wangu," karani alisema. "Aliyeandika hakuangalia."

"Unaweza kuifuta?"

"Siwezi. Lakini unaweza kuandika barua kwa msajili ukaeleza. Na pia, kama unapenda, chuo kinapokea watu wazima. Kuna fomu."

Alimpa fomu. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja mara nne. Sikuiona tena.

Baba alipotaja jina halisi la Twiga, karani alikuwa analijua, maana mtu huyo alikuwa amestaafu ukuu wa idara ya maji na bado anaishi mjini hapo. Tulimkuta nyumbani kwake, kwenye baraza yenye vyungu vya maua, miguu mirefu ameinyosha juu ya kigoda kwa ajili ya uvimbe. Ilimchukua muda kumtambua baba. Alipomtambua alijaribu kusimama, akashindwa, akamkumbatia kichwa kwa mikono yake yote miwili pale pale alipokaa.

"Wewe," alisema. "Sisi tulishakuzika."

Wakanywa chai. Twiga alimwambia kwamba walirudi wanne. Walipofika walikuta mlezi wa bweni ameshaondolewa, na Baraza lilimwondoa kwa sababu ya ule waraka. Mkuu wa chuo aliusoma mara tatu. Walimsubiri baba muhula mzima, kitanda chake kikiwa wazi. Mwishowe walikubaliana kwamba amekasirika, kwamba ni mtu mwenye majivuno yake na hawezi kurudi kwa watu waliomwadhibu.

"Twiga," baba alisema. "Wewe ulijuaje maana ya lile neno?"

"Neno gani?"

"Lililokuwa kwenye barua."

Twiga alifikiri. "Mimi sikulijua. Nilidhani tumekwisha. Nilimwuliza dereva wa lori njiani. Yeye alikuwa amebeba wengi. Akaniambia, usilie kijana, hiyo ni kupumzishwa mwaka, mtarudi wote." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa ameona uso wa baba. "Na wewe... wewe ndiye uliyekuwa unajua maneno. Sikufikiri kuna haja ya kukuambia."

Baba alitikisa kichwa polepole. Aliuliza kama dereva yule bado yu hai. Twiga akasema alifariki zamani. Baba akauliza jina lake, na Twiga hakulikumbuka, na hilo nadhani ndilo lililomuuma baba kuliko yote aliyoambiwa siku ile, maana njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia: hatukumwuliza hata jina lake.

Mama alikaa kwa mama mkubwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini baba aliomba ruhusa kazini na akanitaka nifuatane naye. Tulimkuta mama uani anaanua nguo. Hakugeuka.

"Umekuja kunisomea kamusi?" alisema.

"Hapana. Nimekuja twende nyumbani."

"Kwa nini?"

Baba alisimama pale katikati ya kamba za nguo, mzee wa watu, shati lake halijapigwa pasi. Aliyaweza maneno ya kila lugha isipokuwa yale anayotakiwa kuyasema yeye mwenyewe. Nilimwona anatafuta.

"Nilikuwa mjinga mara moja," alisema mwishowe, "kwa sababu sikutaka watu wajue kwamba sijui. Halafu nimeishi na wewe hivyohivyo. Kuhusu lile uliloniambia jikoni, sina jibu. Nimelitafuta. Kile chuo nakililia, siwezi kukudanganya. Na nyinyi siwabadilishi na kitu. Yote mawili yamo humu, nami sijui yanakaaje pamoja."

Mama aliendelea kuanua. Kisha akamtupia shuka upande mmoja, akashika upande wa pili, wakaikunja pamoja, pembe kwa pembe, kwa ule wepesi wa watu wawili waliowahi kukunja karatasi kwa kazi. Walikunja shuka zote nne. Mama aliporudi ndani kuchukua mfuko wake, mama mkubwa alininong'oneza, "Hajamsamehe. Amechoka tu na kitanda changu." Pengine alisema kweli. Mama alirudi nyumbani, lakini tangu siku hiyo alimwita baba "Bwana Mkubwa" badala ya Baba Binti, na ilimchukua zaidi ya mwaka kuacha.

Baba alimwandikia msajili barua. Aliiandika mara sita. Hakuomba kurudishwa, hakuomba fidia, wala hakuomba radhi ya mtu. Aliomba jambo moja: kwamba pale palipoandikwa *alikataa kurudi*, paandikwe *hakujua*. Alinipa niisome kabla ya kuituma. Kilikuwa Kiingereza chepesi cha mtoto wa shule, hakuna neno hata moja la kufanya msomaji asimame. Nilimwuliza kama amefanya hivyo kwa makusudi. Alisema ndiyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Siku hiyo nilikuwapo, nilikuwa nimewaletea dawa za mama za shinikizo la damu. Baba aliisoma barua kwa kusimama. Kisha alikaa mezani, akafungua kamusi yake, akaanza kulitafuta kila neno, hata yale ambayo mtoto anayajua. *Regret. Record. Alter.* Mama alimtazama akifanya hivyo kwa muda mrefu.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Subiri. Nisije nikakosea."

Tukasubiri. Alipomaliza alivua miwani.

"Wanasema wanasikitika. Kumbukumbu za wakati ule haziwezi kubadilishwa. Lakini barua yangu wameiweka ndani ya faili, juu ya ile karatasi, ili atakayelifungua aanze kusoma ya kwangu."

"Na nani atalifungua?" mama alisema.

"Hakuna."

Mama alinyanyuka. Nilidhani anaondoka, kumbe alikuwa anafunga dirisha, upepo ulikuwa unapeperusha karatasi. Alirudi akakaa kiti cha karibu yake, si kile chake cha kawaida, akamwambia amsomee ile barua yake mwenyewe, aliyoituma, neno kwa neno kwa Kiswahili, maana hakuwahi kusomewa. Baba alisema nakala aliyobaki nayo ni mbaya, imejaa maneno yaliyofutwa. Mama akamwambia asome hivyohivyo. Akasoma. Alipofika mahali asipopata Kiswahili chake, alisimama akamwuliza, "Hili wewe ungelisemaje?" na mama akamwambia.